Umefika wapi?

Simu ilikuwa imelala pajani mwa dereva, kioo juu. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Ilipotetemeka dereva aliitupia jicho, akarudisha macho barabarani, akaitazama tena. Jina lililowaka lilikuwa "Bosi". Ikakatika, ikaanza upya. Mara ya tatu akapokea, na kabla hajasema haloo nikasikia sauti ikiuliza, "Umefika wapi?"

Gari la mbele lilikuwa limeshawasha taa za breki. Niliziona mimi, yeye hakuziona. Nilipiga kelele, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, tukasimama pakiwa pamebaki nafasi ya kupitisha kiganja. Simu iliruka ikaingia chini ya kiti, na huko chini ikaendelea kutetemeka. Nadhani bosi alifikiri ni mtandao.

Tungelivaa lile gari, nani angelipa?

Wengi watajibu dereva, na sina ubishi. Aliyeshika usukani ana wajibu wa uangalifu kwa kila aliye barabarani. Akiupuuza na mtu akaumia, huo ni uzembe, na uzembe hudaiwa fidia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Ukisoma meseji kwa sekunde 5, umekwenda zaidi ya mita 110 ukiwa kipofu. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara 4 zaidi ya asiyetumia. Hakuna dereva wa leo atakayesimama mahakamani akasema hakujua.

Kinachonikera ni kwamba tukishamtaja dereva tunafunga faili.

Mwaka 2012 huko Texas, Marekani, jopo la wananchi waamuzi liliiamuru kampuni moja ya vinywaji ilipe zaidi ya dola milioni 21 baada ya mfanyakazi wake kumgonga mwanamke huku akiongea na simu. Mfanyakazi huyo hakuwa ameshika simu mkononi. Alikuwa anatumia kifaa cha masikioni, jambo ambalo sheria ya pale iliruhusu na utaratibu wa kampuni pia uliruhusu. Haikumsaidia mwajiri. Sheria ya trafiki huangalia mikono, ila kesi ya madai huuliza kama ulikuwa makini, na akili inaweza kuwa mbali hata mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani.

Tena sheria zenyewe za trafiki huwa nyuma ya simu. Uingereza mwaka 2019, Mahakama Kuu ilikubali uamuzi wa kumwondolea hatia ya kutumia simu dereva aliyerekodi video ya ajali huku akiendesha, kwa kuwa kifungu cha wakati huo kilihusu mawasiliano na kurekodi si kuwasiliana. Mwanya huo ulizibwa Machi 2022. Ndiyo maana simwelewi mtu anayejitetea kwamba "sheria haikukataza".

Na aliye upande wa pili wa simu? Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya New Jersey ilisikiliza kesi ya mume na mke waliokuwa kwenye pikipiki, wakagongwa na kijana aliyekuwa akiandikiana meseji. Kila mmoja wao alipoteza mguu. Walimshtaki pia msichana aliyemtumia kijana yule meseji. Mahakama ilisema mtumaji anaweza kuwajibika iwapo alijua, au alikuwa na sababu mahususi ya kujua, kwamba mpokeaji angeisoma akiwa anaendesha. Msichana aliponyoka kwa sababu ushahidi kwamba alijua haukutosha.

Naona mahakama ilitenda haki. Huwezi kumbana kila anayetuma salamu. Meseji inaweza kusubiri na mtumaji haoni mwenzake yuko wapi. (Watengenezaji wa simu nawaacha kwa leo. Mahakama za Marekani zimewahi kukataa kuwabebesha ajali za namna hii, na mimi bado sijaamua.)

Lakini bosi hawezi kujificha nyuma ya hoja ya msichana yule. Gari ni lake, safari kaipanga yeye, saa ya kuondoka anaijua. Na swali lenyewe linamfunga: huwezi kumuuliza mtu amefika wapi kama hujui kwamba yuko njiani. Mimi ningekuwa wakili wa majeruhi, nisingeishia kuomba rekodi za simu ya dereva. Ningeomba na za bosi, nioanishe dakika ya kupiga na dakika ya ajali, kisha nihesabu ni mara ngapi alirudia. Kwa kawaida mwajiri hubeba uzembe wa mfanyakazi aliyeumiza mtu akiwa kazini, hata kama yeye mwenyewe hakukosea kitu. Aliyepiga mara tatu mfululizo anastahili zaidi ya hapo: ahesabiwe kuwa na uzembe wake mwenyewe, na sehemu yake ya fidia isiishie kwa kampuni ya bima.

Nakiri, swali hilo nimeshaliuliza sana mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kitini nasubiri mzigo.

Siku ile dereva alisogeza gari pembeni, akainama kuitafuta simu. Kioo kilionyesha simu alizokosa: nne. Akapiga, akasema kwa sauti ya upole, "Niko karibu, bosi." Nilimuuliza kwa nini asingeiacha tu mpaka tufike. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Nisipopokea, kesho gari anapewa mwingine."