Mie si tarishi wa serikali

Mtandao wa leseni ya barabara, yaani kodi ya gari, wa huku Uingereza umenigomea. Nimenunua gari mkononi kwa mtu, aliyeniuzia kanichania kile kipande cha kijani cha kadi chenye nambari ya tarakimu 12, nami nikakaa usiku na chai yangu nikijua nitamaliza kabla haijapoa. Naingiza nambari, haitambuliki. Naingiza tena, tarakimu moja moja, haitambuliki. Napiga simu, sauti ya mashine inanisomea orodha, bonyeza moja, bonyeza nne, mwisho wake ofisi imefungwa. Na huku tangu Oktoba 2014 leseni haihami na gari. Muuzaji anarudishiwa pesa za miezi kamili iliyobaki, mnunuzi alipe zake kabla hajaitia gari barabarani. Ukikaidi, zipo kamera zinazosoma nambari za gari, na faini inakufuata nyumbani kwa barua. Basi gari imelala mlangoni, mie nikaenda zamu ya usiku kwa basi. Kwenye kikundi cha familia walinicheka mpaka wakachoka. "Karibu nyumbani," akaandika shemeji yangu.

Asubuhi nikaenda posta. Nilibeba bahasha ya kaki imevimba: karatasi ya bima, cheti cha ukaguzi, risiti ya mauziano, bili ya umeme, pasi, na kopi ya kila kimoja. Dada wa dirishani akachukua kile kipande cha kijani tu, akagonga kompyuta yake, akanambia nilipe. Nikamsogezea bahasha. Akaniuliza naituma wapi.

Nilicheka njia nzima, kisha nikaanza kukasirika, na hasira yenyewe si ya huyo dada wala ya mtandao uliolala. Nimekasirika kwa sababu nimelelewa Wete, kule Pemba, na mtu aliyelelewa Wete haendi ofisini mikono mitupu. Ile bahasha sikufundishwa huku.

Yule dada hakuhitaji bima yangu kwa kuwa kampuni iliyonikatia ilishaiingiza kwenye daftari moja la magari yote yenye bima nchini. Cheti cha ukaguzi hakukihitaji pia. Gari ikishatimiza miaka mitatu hapa hukaguliwa kila mwaka, na gereji inayokagua inaingiza jawabu kwenye mashine pale pale, gari bado iko juu ya jeki. Kwa hiyo ofisi inayotoza leseni inaangalia yenyewe. Mtandao ukifa, na umekufa kweli, mimi nimehangaika kwa miguu yangu tu. Sikuhangaika kupeleka habari za serikali kwa serikali.

Sasa njoo kwetu. Nina keri yangu Pemba, kigari kidogo cha mizigo, mdogo wangu anabebea mizigo ya watu, siku ya gulio anapakia ndizi na muhogo. Karatasi zake zimefika wakati wa kuhuishwa. Akanitumia sauti: "Kaka, siku hizi mambo yote mtandaoni, wala huendi ofisini." Nikafurahi. Wallahi nilifurahi, nikamsifia mbele za watu. Siku ya pili: "Kaka, nimeshajaza, sasa wanasema niichape niwapelekee." Kupeleka nini? Ile ile fomu aliyoijaza mtandaoni. Na kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ya kuthibitisha kwamba anakaa pale ambapo kitambulisho kimeshaandika kwamba anakaa. Na kopi ya bima. Na karatasi ya trafiki ya ukaguzi, yenye muhuri, ila muhuri haukukolea, arudi ukagongwe tena.

Sheha wetu simlaumu. Anaandika barua barazani kwake, anatukatiza stori yake ya jahazi, anatia saini anaendelea. Yeye anaulizwa, anajibu. Swali langu ni kwa huyo anayeuliza: kitambulisho ulinipa wewe, picha ulinipiga wewe, alama za vidole ulichukua wewe, na shehia yangu uliiandika wewe. Leo unataka nikuletee kopi ya ulichonacho?

Na hapa mnisikilize vizuri kabla hamjaniita Mzungu mweusi. Uingereza haina kitambulisho cha taifa. Walianza kukitoa, wakakifuta kwa sheria ya 2010. Mtu huku anathibitisha anakokaa kwa bili ya maji! Sie tunacho, kigumu, kina nambari, watu wazima wengi wanacho mfukoni. Kwa kitu hicho tumewapita. Kwa malipo pia sina la kusema ila sifa: ZanMalipo, mfumo wa kulipia serikali ya Zanzibar, imetutoa mbali. Unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu yako ukiwa shamba, pesa haipiti mkononi mwa mtu anayekwambia hana chenji. Aliyekumbuka foleni za dirisha la kashia hatonibishia. Chombo tunacho, nacho ni kizuri. Ndio maana naumia. Ungekuwa umasikini ningenyamaza.

Mwengine atanambia, hao Waingereza wamewekeza kwa pesa zetu, walituweka chini ya himaya yao tangu 1890 mpaka Disemba 1963, leo unawasifu. Siwasifu. Tena hili ndilo linalonichoma. Faili, muhuri, saini kwa kalamu ya bluu, kopi tatu, mkubwa wa idara akubali: haya si ya babu zetu. Ni ya kwao, walituachia. Na wao wenyewe walikuwa na karatasi ya leseni ya mviringo, wakiibandika kwenye kioo cha gari kuanzia 1921, wakaitupa 2014. Walikaa nayo zaidi ya miaka 90, kwa hiyo hakuna akili ya ajabu hapo. Wao wamelitupa la kwao, sie tumelitunza utadhani urithi wa mirathi.

Shemeji kajibu hili pia. Kasema, "Wewe unaosha vyombo huko, unatufundisha kazi sie?" Kwanza sioshi vyombo, nahudumia wazee, na hata ningeviosha ni halali. Pili, keri ni yangu na mafuta nayatia mie, kwa hiyo nina haki ya kuuliza. Kuna na mtindo wa kumwambia kila aliyoko nje anyamaze mpaka arudi, na akirudi anaambiwa amesahau mambo ya nyumbani. Nizungumze lini?

Mtu atakayenishika vizuri ni yule atakayeniuliza habari za kijana wa fotokopi.

Kijana huyu ana duka dogo karibu na ofisi kule Chake, mashine mbili, meza moja, feni. Huo mtandao mnaousikia, kwa watu wengi ni yeye. Mzee anakuja na simu ya kitochi na bahasha, kijana anamfungulia akaunti, anamjazia fomu, anaweka barua pepe yake mwenyewe kijana kwa sababu mzee hana. Nywila anaiandika kwenye daftari la kaunta la mistari, jina huku, nywila kule, kurasa kwa kurasa. Mdogo wangu ameliona: imamu yumo, mwalimu wake wa skuli yumo, dereva wa daladala ya Konde yumo mara mbili kwa kuwa ya kwanza aliisahau. Kontrol namba za watu wote hao zinaingia kwenye simu ya kijana. Wiki iliyopita kijana alikwenda maziko Micheweni, na watu waliokuwa wanangojea nambari wakamngojea yeye. Mdogo wangu akanambia, "Mtandao umekwenda kuzika, kaka."

Kwa hiyo serikali inahesabu kwamba maombi mengi yameingia kwa njia ya mtandao, na ni kweli yameingia. Yameingia kupitia daftari.

Mnauliza ofisi zikianza kuulizana zenyewe kwa zenyewe, kopi zikifa, huyu atakula wapi? Suali la haki. Jawabu langu ni kwamba aajiriwe. Sitanii. Anajua fomu ipi inakataa jina lenye alama ya ng'ombe, yaani ile ng yenye kituo juu, anajua saa ngapi mtandao huwa mwepesi, anajua mzee yupi hasikii vizuri inabidi aandikiwe. Wamtie ndani, wampe meza na mshahara, awasaidie watu bila ya kuwauzia kurasa. Yule anayekaa ndani sasa akisubiri aletewe kopi ya alichonacho kwenye kompyuta yake, mie sijui kazi yake ni ipi, na nimejaribu kufikiri.

Kuna na wale watakaosema subira, mambo yanakuja. Yanakuja kweli, ZanMalipo ilikuja. Lakini kuunganisha ofisi mbili zilizo ndani ya mji mmoja si kujenga daraja la kutoka Mkoani, Pemba, mpaka Malindi ya Unguja. Ni mkubwa mmoja kumruhusu mwengine aangalie. Nadhani kinachozuia si waya.

Mdogo wangu leo kaniandikia kwamba muhuri sasa umekolea, ila bima imebaki siku chache na wanataka mpya kabla hawajaendelea. Nimeshamtumia pesa. Nywila ya akaunti yangu nayo iko kwenye lile daftari, ukurasa wa nyuma karibu na jalada, na simuombi kijana aifute mpaka keri ipate karatasi.