Meneja akiwa ndiye mwenye lebo, msanii amlilie nani?

Mwaka jana kijana mmoja anayeimba aliniletea mkataba nimsomee. Nikamuuliza wakili wake ni nani. “Kaka, mambo yote anayo meneja,” akanijibu. Lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, iliyouandika mkataba huo ilikuwa ya meneja huyohuyo. Usiku ule niliikumbuka Asylum Records.

Asylum ilianzishwa Marekani mwaka 1971 na mameneja wawili, David Geffen na Elliot Roberts. Roberts alikuwa akiwasimamia waimbaji Joni Mitchell na Neil Young. Geffen naye alikuwa amevutiwa sana na kijana mwimbaji aitwaye Jackson Browne, akambembeleza Ahmet Ertegun, mkuu wa lebo ya Atlantic, amsaini. Kwa jinsi Geffen alivyosimulia mwenyewe, Ertegun alikataa, na alipoambiwa kwamba Browne angemletea mamilioni, akamjibu afungue lebo yake ayachume yeye. Geffen akafungua, Atlantic ikawa msambazaji. Mwaka 1972 zikatoka albamu za kwanza za Browne na za kundi la Eagles.

Hapo nampa Geffen haki yake. Meneja humsikia msanii akiwa bado anaimba kwenye vibaraza, huyajua madeni yake na hofu zake. Lebo inayozaliwa na mtu wa namna hiyo huweza kumwamini msanii ambaye wakubwa wamemkataa. Jina lenyewe, Asylum, maana yake ni kimbilio.

Lakini kazi ya meneja ni nini hasa? Ni kuvutana na lebo. Kudai asilimia iongezwe, kuuliza masta, yaani rekodi halisi za nyimbo, ni za nani, kukagua hesabu, kugoma albamu isitoke kabla haijaiva. Kwa Eagles, usimamizi ulikuwa wa Geffen na Roberts, lebo ni Asylum, na haki za utunzi nazo zilishikwa upande huohuo. Msanii akiona hesabu za lebo zimepinda, anakwenda kumshtakia nani? Hiyo ndiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Na mwaka 1972, lebo ikiwa bado changa kabisa, iliuzwa kwa kampuni ya Warner kwa dola milioni 7. Irving Azoff, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya usimamizi ya Geffen na Roberts, aliondoka na Eagles mwaka 1974, na baadaye kundi likaanza kuzidai haki za nyimbo zake.

Si madai madogo. Nyimbo za miaka hiyo ya mwanzo zilikusanywa katika albamu moja mwaka 1976, na kufikia 2018 albamu hiyo ilikuwa imetunukiwa platinamu, cheti cha mauzo ya milioni moja, mara 38 nchini Marekani.

Namfikiria pia Laura Nyro, mwimbaji aliyesimamiwa na Geffen na aliyempandisha jina. Alitarajiwa kuhamia Asylum, akabaki Columbia. Geffen aliumia sana. Mimi naona mwanamke yule alikuwa na kila haki ya kuchagua.

Sisemi mameneja wasifungue lebo. Nasema atakayefungua asichukue kamisheni ya umeneja katika pesa ambayo lebo yake mwenyewe inamlipa msanii, haki za utunzi aziachie mtunzi, na mkataba usomwe na wakili aliyelipwa na msanii.

Yule kijana nilimwelekeza kwa wakili asiyefahamiana na meneja wake. Mkataba bado anao. Hajausaini.