Formasyo za prof wa jeografia zitoke mu sale

Tunaitwaka ku formasyo, tunafika, projekta iko, chupa za maji ziko, kila mutu anapewa kaye na biki. Wanatuonyesha namna ya kufanya makundi mu klasi, namna ya kuuliza maswali, namna ya kujaza fishi ya preparasyo, na ikifika saa sita za mchana kila mutu anaanza kuangalia mulango kama feza ya transport imefika. Sisemi ni kazi mubaya. Lakini ile metodi prof wa hesabu anaipata, prof wa dini anaipata, na siye wa jeografia tunarudi ku masomo na metodi mingi bila hata jiwe moja la kuonyesha mutoto. Mimi naona hivi: prof wa jeografia wa Goma hakosi metodi, anakosa kujua muji wake. Na hiyo formasyo hakuna mutu atatuletea toka Kinshasa, tutajifanyia wenyewe, kwa miguu.

Chukua swali moja tu. Goma mvua inanyesha karibu mwaka muzima, sasa juu ya nini muji hauna muto hata moja? Uliza walimu kumi, utasikia majibu kumi. Jibu tunalikanyaga kila siku: muji umekaa juu ya lava ya volkano Nyiragongo, na ile lava imejaa nyufa na matundu, maji ya mvua yanaingia chini, yanaenda ziwani kimya kimya bila kupita juu. Njo maana mama ananunua maji ya bidoni wakati anaona ziwa kwa macho, njo maana chukudu na toroli zinapandisha bidoni za njano mpaka kartye za Ndosho na Majengo, njo maana kuchimba choo huku ni vita. Sasa peleka swali Bukavu. Mvua iko, milima iko, lakini udongo ni wa mfinyanzi, maji hayashuki chini haraka, yanateremka ku mteremko na kubeba nyumba za watu, na muto Kawa unapita mu muji wazi kabisa. Mtoto mwenye ako na shangazi Bukavu ataeleza hiyo kuliko buku. Hapo umefundisha miamba, udongo, maji na makazi ya watu kwa swali moja, na enspekta akikuuliza iko wapi mu programu, mwambie ni volkano na udongo, ziko.

Kwa hiyo kama ningepewa siku moja ya formasyo, ningefunga projekta na kuchukua walimu tutembee. Tungeanza upande wa uwanja wa ndege, tushuke kufuata njia ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, mpaka ku ziwa penye iliingia. Mu santre kuna majengo penye orofa ya kwanza iligeuka kuwa chini, ju chini ya zamani imezikwa. Kila mwalimu angesimama na kueleza kipande chake, na wakubwa wetu wenye walikuwa watoto mu 1977 wangetueleza mlipuko wa mwaka ule, wakati ziwa la lava lilitoka mu mulima kwa muda usiofika saa moja, ju lava ya Nyiragongo iko na silika kidogo, haiko nzito, inakimbia. Linganisha na 22 Mei 2021: ilishuka jumamosi usiku, ikasimama upande wa Buhene mbele ya kufika uwanja. Watoto wetu wengi wanakumbuka ile siku, wengine walipoteza nyumba, wengine walipoteza watu. Hapo prof awe na akili, usimsimamishe mutoto mbele ya klasi aeleze kama hajataka.

Kuna vitu vya kusema tu, si vya kutembelea. Mazuku ni mufano. Gesi ya kaboni (CO2) ni nzito kuliko hewa, inalala mu mashimo, mbuzi anaingia harudi, mutoto pia. Hauendi na klasi pale, unachora ku tablo. Vilevile gesi ya chini ya ziwa Kivu, karibu kilomita kibiki 300 za CO2 na 60 za metani, metani yenye Rwanda wanatoa na kufanya umeme. Watoto wanasikia hadithi za uoga kuhusu ziwa, basi waambie juu ya ziwa Nyos kule Kameruni, lilitoa gesi mu 1986, watu karibu 1,700 walikufa, na waambie pia Kivu haiko Nyos, ni kubwa na gesi imekaa chini sana. Uoga wenye maelezo ni bora kuliko uoga wa mu mikutano ya barabarani.

Najua, mu klasi ya watoto sitini huwezi kutoka, na prefe hataki. Sawa, usitoke. Tuma watoto nyumbani na maswali: mnatumia bidoni ngapi kwa siku, zinatoka wapi, bei gani, nani anachota. Kesho yake mnafanya grafiki ku tablo na utaona Himbi na Mugunga haviishi maisha moja. Ama fanya saa: Kinshasa iko karibu digri 15 mashariki, Goma 29, tofauti ni 14, kila digri dakika 4, inatoka dakika 56, njo maana saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Watoto wanapenda hiyo sana, ju wote wako na ndugu Kinshasa mwenye anapigaka simu saa mbaya. Ama uliza kopo ya maji yenye imemwagwa ku Himbi itafika wapi: Kivu, Ruzizi, Tanganyika, Lukuga pale Kalemie, Lualaba, muto Kongo, Atlantiki. Zamani, mbele volkano za Virunga hazijafunga njia, yale maji yalikuwa yanaenda kaskazini, upande wa Nile. Klasi inanyamaza kabisa ukisema hiyo.

Simu nayo isaidie. Karte ya bure ya OpenStreetMap unaichukua mara moja penye iko wifi, GPS haili megabaiti, mwalimu anaweza kujifunza kupima avenue yake jioni moja. Ila karibu na barrière (kizuizi cha barabara) ao penye kuna watu wa silaha, simu ikae mu mufuko. Jeografia haina thamani ya kulala kachoti.

Na karte za ukuta, hapo njo nakasirika. Watoto wanaangalia karte ya Mercator, ya mwaka 1569, yenye inakuza inchi za mbali na ekweta, wanaamini Greenland ni kubwa kama Afrika, kumbe Kongo peke yake inaipita: kilomita za mraba 2,345,000 na yao karibu 2,166,000. Fasi zingine karte ya Kongo ingali na provensi 11, Katanga nzima, Bandundu nzima, wakati toka 2015 ziko 26. Mwenye ako na feza ya formasyo ingine, kabla ya kulipa sale na projekta, anunue hizo karte mpya, moja kwa kila masomo, na inayobaki iwe ya transport ya walimu wa Sake na Kibumba waje tutembee pamoja.