Power Query imeokoa muda, lakini nani anahesabu mistari?

Mhasibu wa biashara yenye matawi kumi na mawili anaujua mwisho wa mwezi. Kila tawi linatuma faili lake la mauzo, naye anafungua moja baada ya jingine, anakopi, anapesti, hadi magharibi inamkuta mezani. Akiruka tawi moja, jumla itatoka tu, tena itaonekana safi.

Power Query, zana ya Excel ya kukusanya na kupanga data, ilikuja kuondoa adha hiyo. Ilianza kama nyongeza mwaka 2013, na tangu Excel 2016 imo ndani ya programu yenyewe. Unaielekeza kwenye folda, inaunganisha mafaili yote yaliyomo. Mwezi ujao unatupia mapya humo na kubofya mara moja. Hata kikomo cha mistari 1,048,576 kwa karatasi moja si ukuta tena, kwa sababu data inaweza kupakiwa kwenye modeli iliyo nyuma ya karatasi na kuchambuliwa kwa Power Pivot, zana nyingine ya Excel. Kwangu mimi faida kubwa kuliko kasi ni kwamba kila hatua inabaki imeandikwa. Mkaguzi akiuliza tarakimu imetoka wapi, unamfungulia hatua azipitie. Aliyekopi na kupesti hana cha kumwonyesha.

Wanaopinga husema data kubwa haina kazi kwenye Excel, na hupenda kutaja Uingereza, Oktoba 2020, ambako wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku. Mfano huo ni mzito, ila nadhani wanautumia vibaya. Kosa lilikuwa kutumia muundo wa zamani wa faili, ule unaoishia mistari 65,536. Kilichozidi kilikatwa kimya kimya.

Neno la kushika hapo ni "kimya kimya", kwani zana mpya nazo zina kimya chao. Chukua namba za simu. Power Query ikisoma faili la maandishi, kwa kawaida hukisia aina ya data kwa kuangalia mistari 200 ya mwanzo. Ikiona 0712 na kuendelea, inaamua hiyo ni namba na sifuri ya mbele inatoweka. Ukijaribu kuoanisha orodha hiyo na nyingine ambako sifuri imebaki, wateja hawakutani. Herufi nazo zina visa vyake: VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye jedwali jingine, haitofautishi "Mwanza" na "MWANZA", lakini kwa Power Query hiyo ni miji miwili, mpaka uiambie vinginevyo.

Baya zaidi ni marudio. Tuseme unaoanisha mauzo na orodha ya bei. Bidhaa moja ikiwa imeandikwa mara mbili kwenye orodha hiyo, VLOOKUP huchukua ya kwanza na kusonga mbele. Power Query huleta zote mbili, hivyo kila mauzo ya bidhaa hiyo yanajirudia na jumla inavimba. Hakuna alama nyekundu. Bosi anafurahia mwezi mzuri.

Mimi naegemea upande wa zana hizi, kwa sharti moja: mistari ihesabiwe kabla ya kuunganisha na baada yake, na jumla ya kila tawi ilinganishwe na faili lake la asili. Ni kazi ya dakika tano, ndiyo maana watu huiruka.

Hili la fomula mpya kama VSTACK, inayopanga majedwali moja chini ya jingine, silisifu kwa haraka. Kwa mwenye Microsoft 365, yaani Excel ya kulipia kwa usajili, ni tamu kweli. Python, lugha ya kuandikia programu, ndani ya Excel, iliyotangazwa Agosti 2023, nayo hukokotoa kwenye seva za Microsoft, kwa hiyo bando likiisha, hesabu husimama. Lakini ofisi nyingi zingali na Excel ya miaka iliyopita, na mwenzako akilifungua faili lako huko na hesabu zikakokotolewa upya, mahali pa jumla yako atakuta alama ya kosa: #NAME?