Jahazi Lililozama Ukutani

Wapo waliozamisha chombo kwenye mwamba, na wapo waliozamishwa na tufani. Mimi nimezamisha jahazi ukutani, sebuleni kwa baba mkwe, juu kidogo ya kabati la vyombo, kioo kikiwa kimefungwa na msumari umekaa imara.

Chanzo ni presha. Nina miaka 49, nafundisha hesabu sekondari hapa Tanga, na kila muhula ukikaribia kufungwa, marundo ya mitihani yakiwa mezani, presha yangu hupanda kuliko alama za wanafunzi. Daktari akaniambia nitafute kitu cha kutuliza akili. Nikajaribu bao. Wiki ya pili nikagombana na mzee wa miaka sabini kwa sababu ya kete moja, nikaona hapa ninajiua kabisa.

Ndipo binti yangu akanionyesha video. Mzungu mwenye sauti ya kubembeleza anachovya brashi, anagusa karatasi iliyolowa, na bluu inatambaa yenyewe mpaka linakuwa ziwa. Dakika 12 tu, ziwa, milima na ukungu juu yake. Jasho halimtoki, wala hafuti kitu. Nikasema dawa yangu ni hii.

Wasichokwambia ni kwamba rangi za maji huchorwa kinyumenyume. Nyeupe huipaki: nyeupe ni karatasi yenyewe, na usipoiacha toka mwanzo ndiyo basi tena. Unaanza na rangi hafifu, unakwenda kwenye nzito, na ukikosea, kosa linabaki likikutazama. Mtu ambaye riziki yake ni kukata kosa kwa bolpeni nyekundu na kuandika jibu pembeni, umpe mchezo usio na kufuta! Embe langu la kwanza lilitoka kama figo. Minazi ikawa mifagio. Mkungu wa ndizi mwanangu aliutazama sana, kisha akauliza kwa adabu: "Baba, huyu kuku anaungua?"

Karatasi nazo. Nilianza na za printa, zile za gramu 80, zikajikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya chuma. Kumbe inatakiwa gramu 300 kwa mita ya mraba, tena ikiwa ya pamba ni bora zaidi. Nikaagiza Dar, zikaja kwa basi, kwa bei ambayo mke wangu mpaka leo anaamini ni nusu yake.

Rangi zilikuwa za tyubu, zile zinazotengenezwa kwa gundi ya mti wa mgunga na asali kidogo ili zisikauke kabisa. Huko kwenye nchi za baridi na ukavu naamini ni neema. Hapa Tanga, ambako chumvi ya mezani hulowa yenyewe mpaka tunaitilia punje za mchele, rangi ile haikukauka hata siku moja. Nikiiacha usiku, asubuhi nakuta msafara wa sisimizi umeanzia dirishani na kuishia kwenye njano. Kuna siku nilipaka machweo ya jua nikaona jua linatembea.

Sasa kuhusu baba mkwe. Mzee alikuwa nahodha. Miaka 31 aliendesha jahazi kati ya Tanga na Pemba, akipakia mchele, boriti, mbuzi, na mizigo mingine ambayo hapendi kuitaja mbele ya wajukuu. Jahazi hilo liliitwa Sitozama. Mimi nisingethubutu kulipa chombo jina kama hilo, ni kuichokoza bahari, lakini kweli halikuzama. Liliuzwa salama, na hadithi ya miaka 31 bila kupoteza hata gunia tumeisikia kila Idi tangu nioe. Nikaona zawadi ya mwaka huu ninayo: nitamchorea Sitozama.

Picha ya zamani ya jahazi nilikuwa nayo, nyeusi na nyeupe, nimeiazima kimyakimya kwa mama mkwe. Bahari nikataka niichore kwa macho yangu. Jumamosi moja mwisho wa Februari nikaenda Raskazone, kaskazi inavuma, jua linachoma. Nikakaa chini ya mwarobaini na kibao changu, karatasi nimeibana kwa vibanio vya nguo, pembeni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nikachora kwanza mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa penseli. Joto likazidi, nikanywa kidogo. Nikachora ubavu, nikanywa tena. Nilipokuwa tayari kufungua rangi, chupa ilikuwa tupu.

Mtu mwenye akili angeondoka akatafute kiosk. Mimi nilitazama mbele yangu nikaona bahari ya Hindi yote. Nikashuka na kopo.

Na niseme ukweli, haijawahi kunitokea picha nzuri kama ile. Rangi iliganda vizuri huku na kule, mawimbi yakatoka na vidoa vya kumetameta ambavyo mzungu wa kwenye video angevitafuta mwaka mzima. Nikajiona fundi. Mwisho nikaandika jina kwenye omo, mbele ya chombo, kwa rangi nyekundu, SITO, na hapo brashi ikachanua kama ufagio wa chooni. Nikachomoa mfukoni bolpeni nyekundu ya kusahihishia mitihani, nikamalizia ZAMA. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha.

Fundi wa fremu aliniambia nitie kadi pembeni, ili kioo kisilale juu ya rangi, picha ipate kupumua. Nikamuuliza kadi ni kiasi gani. Akanitajia. Nikamwambia picha yangu haina pumu.

Fremu ikalala juu ya kabati Ramadhani nzima, na Idi ikaangukia katikati ya masika. Tukaenda kwa wazee, tukala pilau, nikatoa zawadi. Mzee akavaa miwani. Akaitazama muda ambao watoto walimaliza kaimati zote.

"Mwanangu, upepo huu unatoka wapi?"

"Huku, baba," nikaonyesha kushoto. Tanga lilikuwa limetuna kuelekea kulia, halina shida.

"Na bendera?"

Bendera ilikuwa inapepea kuelekea kushoto. Haikuwa na namna nyingine, karatasi ilikuwa imeisha upande wa kulia.

"Kwa hiyo tanga lina kaskazi na bendera ina kusi."

"Ni... ni upepo wa kuzungukazunguka, baba."

"Nahodha wa chombo hiki ameshapotea," akasema. Lakini akainuka, akaitundika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akanyamaza. Nikaona kidevu kinamtetemeka kidogo. Siku ile presha yangu ilikuwa kama ya mtoto mchanga.

Siku ya sita akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiki chombo umekipakia nini?"

"Sijakuelewa, baba."

"Kimeshuka. Juzi maji yalikuwa chini ya jina. Leo yameligusa."

Nikacheka, nikaaga vizuri, nikamwambia mke wangu baba yake ana utani siku hizi. Mke wangu hakucheka. "Baba hatanii kuhusu chombo," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya 11 simu ilikuwa fupi: "Kinakula maji." Akakata.

Siku ya 14 akapiga mama mkwe, na yeye hapigi simu kwangu ila kuna msiba. Shemeji yangu alikuwa na safari ya Wete, kule Pemba, siku ya Alhamisi, tiketi mkononi, na mama amemkatalia kuondoka maadamu jahazi la baba yake linazama pale sebuleni. Nyuma yake nikamsikia shemeji, mwanaume wa miaka 40, ana watoto watatu na biashara yake, analalamika kama mtoto aliyenyimwa kwenda kuogelea. Baadaye akanitumia ujumbe: "Shemeji, ungemchorea hata gari."

Siku ya 19 mvua ikapumzika kidogo, nikaenda.

Harufu ya ubani niliikuta mlangoni. Sebuleni mama mkwe amekaa na kanga kichwani, amelipa kabati mgongo. Mzee yuko kwenye kiti chake mbele ya picha, mikono juu ya mkongojo, kama mtu anayeangalia mpira.

Anga yangu yote ilikuwa imemwagikia tanga. Tanga limemwagikia ubavu, ubavu umeyeyuka na kuingia baharini, na bahari yenyewe imekuwa rangi ya chai iliyomwagwa. Ndani ya kioo kuna matone, yanatelemka taratibu. Kilichobaki kimesimama ni mlingoti na foromali, maana penseli haiyeyuki, ndivyo vimechomoza juu ya maji kama chombo kilichoachwa mwambani. Kwenye kona ya chini sisimizi wamepata upenyo wa fremu na wanaingia kwa mstari mmoja.

"Abiria nao hawajakata tamaa," mzee akasema.

Na jina. Najua msomaji atasema huyu ametunga, ndiyo maana picha ya simu ninayo mpaka leo. Ile rangi nyekundu ya brashi ilikuwa imeondoka na ubavu. Bolpeni ya mitihani haikutetereka. Pale lilipokuwa omo la chombo ambacho hakikuzama miaka 31, palibaki neno moja jekundu, kwa mwandiko uleule ninaoandikia "Rudia": ZAMA.

Nikajitetea kisomi. Nikasema rangi za maji hazina tatizo, zinadumu, kuna Mjerumani mmoja, Albrecht Dürer, alichora sungura kwa rangi za maji mwaka 1502, na sungura yule yupo mpaka leo kwenye makumbusho Vienna, Austria, manyoya yake yote yanahesabika.

Mzee hakujibu. Akaishusha fremu, akakunja vile vijisumari vya nyuma kimoja kimoja kwa kisu, akatoa karatasi. Ilikuwa imelowa kama imetoka kufuliwa. Akapitisha kidole kwenye bahari, akakitia mdomoni.

Akaonja. Akanitazama.

"Mwanangu. Hiki chombo umekichora kwa maji gani?"

Mama mkwe akageuka. Mimi nikatazama mezani, macho yakaangukia kikopo cha chumvi chenye punje zake za mchele, na palepale nikaelewa kila kitu. Chumvi ya bahari haikauki hapa kwetu. Hewa ikiwa na unyevu, inauvuta na kuunywa. Rangi ya maji nayo, hata ikae kavu miaka, ikiguswa na maji inaamka. Nilikuwa nimempa mzee picha yenye kiu, nikaibana kwa kioo isipate pa kupumulia, nikaitundika masika.

"Ya Raskazone, baba."

"Ya bahari."

"Ndiyo, baba."

Kimya. Nje gari la gesi lilipita.

"Huyo sungura wa Mjerumani," akasema mwishowe, "naye alichorwa kwa maji ya bahari?"

"Hapana, baba."

"Miaka 31," akasema, anahesabu kwa vidole kama anayemfundisha mtoto, "kazi yetu ilikuwa moja. Maji ya bahari yabaki nje ya chombo. Yakiingia, tunayateka, tunayarudisha nje. Wewe umeyaweka ndani kabla chombo hakijaondoka."

Hapo mama mkwe, ambaye kwa siku tano alikuwa hasemi ila kwa istighfari, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Akajifunika kanga usoni, na sauti iliyotoka chini yake ilikuwa ya kicheko cha mwanamke aliyesikia habari za Sitozama kila Idi tangu aolewe. Shemeji alitoka chumbani akauliza kama sasa anaweza kwenda Wete. Aliruhusiwa.

Nikaomba niondoke na ile karatasi nikaitupe njiani, nitaleta nyingine, ya maji ya bomba, na kadi pembeni. Mzee akakataa. Akairudisha kwenye fremu na kugonga vijisumari. Mimi nikaaga na aibu yangu, nikaacha mfuko wa machungwa niliokuja nao.

Wiki iliyopita tumekwenda kuwajulia hali. Masika imekwisha, kusi inapuliza, nguo zinakauka mchana mmoja. Nikaingia sebuleni nikitarajia ukuta mtupu. Fremu ipo palepale, juu ya kabati la vyombo. Lakini imetundikwa miguu juu: mlingoti unaelekea sakafuni, na bahari yangu ya chai iko darini.

"Baba, imepinduka," nikasema.

"Nimeipindua mimi." Alikuwa anamenya chungwa, hata hakuinua uso. "Kama maji yalishuka kwa uzito wake, kwa uzito huohuo yatarudi yalikotoka. Wewe si mwalimu wa hesabu? Piga hesabu, uniambie kitaelea lini."