Dereva wa hisani si mzoa taka wako

Juzi kwenye lile kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Leicester, hapa Uingereza, mtu alirusha picha ya kochi. La kahawia, la kukaa watu watatu, limejikalia pale sebuleni kama mgeni aliyegoma kuaga. Chini yake ameandika: "Jamani, watu wa hisani wameanza maringo. Wamekuja na gari lao, wamelipindua kochi langu, eti halina lebo, hao wakaondoka. Maskini siku hizi anachagua!" Watu wa hisani ni yale mashirika yanayochukua samani zilizotumika na kuziuza madukani mwao au kuzigawa kwa wasio nacho. Vikafuata vicheko na makofi. Mmoja wetu, simtaji kwa kuwa ni mtu mzima na namheshimu, akaongeza kwamba madereva wa siku hizi ni wavivu tu, hawataki kubeba.

Nilianza kuandika jibu nikalifuta. Mle kundini mna wakwe. Kwa hiyo naandikia hapa, ambapo nikipandisha hasira hakuna wa kunitoa.

Tuanze na hiyo lebo, tuimalize. Ni ile inayoning'inia chini ya mto, inayokuonya kuhusu moto, ambayo wengi wetu tunaikata siku kochi linapofika kwa sababu inaudhi. Mwaka 1979 duka la Woolworths pale Manchester liliwaka, watu 10 wakafa, na kilichokuwa kinaungua ni makochi na samani za sponji zilizokuwa zinauzwa humo. Sponji ile ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, unamlaza mtu kabla hajaiona njia ya kutokea. Baada ya hapo sheria zikaanza kukazwa, na hii tunayoilalamikia ni ya 1988. Kochi la mtumba halifai kuuzwa dukani kama halikutimiza masharti ya moto, na ushahidi wa dereva aliyesimama sebuleni kwako ni lebo, basi. Hana maabara kwenye gari. Samani za kabla ya 1950 zimesamehewa, lakini kama unazo hizo, hisani ya nini? Mtafute muuza vitu vya kale, ule hela.

Ndiyo, najua, sheria ina upumbavu wake. Kemikali zinazowekwa ili kochi lisiwake nazo zinalaumiwa kwa sumu, na makochi mazima kabisa yanateketezwa kwa kukosa kipande cha kitambaa. Sawa. Dereva ndiye aliyeitunga? Tena kwa sababu ya kemikali hizohizo, tangu Januari 2023 hapa England makochi mabovu ya aina hiyo hayaruhusiwi kwenda kufukiwa jalalani, sharti yachomwe, na kuyachoma ni gharama. Kwa hiyo kochi lako bovu akilipakia "kwa huruma", shirika linalipa ili kukuondolea uchafu wako. Hela hiyo ilikuwa ya kumnunulia mtu godoro.

Lakini hata lebo ingekuwepo, bado ningekuwa na neno.

Shemeji yangu anaendesha Luton ya shirika moja hapa mjini, lile gari la boksi linalopanda mpaka juu ya kichwa cha dereva, lenye bamba la kunyanyulia mizigo kwa nyuma. Utingo wake ni mzee Mwingereza mstaafu anayejitolea, ana nguvu kutushinda sote. Asubuhi wanazunguka kuchukua, mchana wanazunguka kugawa. Na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane, maana wale wanaocheka kundini wanaujua mlango mmoja tu.

Mlango wa asubuhi unafunguliwa na mtu anayetaka nafasi. Kachukua kochi jipya kwa mkopo, linaletwa saa nane mchana, la zamani lazima litoke. Kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wakilifuata watamtoza. Basi hapo ndipo huruma kwa maskini inapompanda ghafla. Ukimwuliza hizi kamba za chini zimekatika, anakwambia "watashona". Ukimwuliza hili doa, anakwambia "watafunika shuka". Nani hao? Hawajui. Wapo tu mahali fulani, wanashona na kufunika mashuka, hawana kazi nyingine.

Mlango wa mchana anafungua mtu aliyepewa fleti ikiwa tupu. Na tupu ya nchi hii mgeni hawezi kuidhania: mpangaji akitoka, kapeti zinang'olewa, unakuta saruji au mbao zenye misumari ya kapeti ikikusubiri. Hakuna pazia, hakuna jiko, hakuna friji. Wengine ni kina mama waliotoroka waume wanaowapiga, wametoka na mfuko mmoja. Wengine ni wakimbizi. Ukishapewa hifadhi unaambiwa sasa uhame makazi ya serikali, na kwa miaka mingi muda wenyewe ulikuwa siku 28. Ndani ya siku hizo utafute nyumba, ufungue akaunti, upate kazi, na upate kitanda. Wamo humo Wakongo walioletwa kutoka makambini, wanaosema Kiswahili hikihiki tunachokitumia kumcheka dereva.

Shemeji anasema kochi likishaingia ndani, mwenye nyumba hatazami rangi. Anainama kidogo, kama anayekagua miguu. Ananusa.

Tangu aniambie hilo limenikaa. Kwa sababu mtu huyo, kochi likinuka mkojo wa paka, atasema nini? Atasema ahsante. Limepasuka, atasema ahsante. Lina kunguni wa ukoo mzima, atasema ahsante na Mungu awabariki, kwa sababu anaogopa akikataa hili hataletewa jingine, na jina lake litaandikwa mahali. Hana mdomo wa kukataa. Wa kukataa kwa niaba yake ni mmoja tu, naye yuko mlangoni kwako saa tatu asubuhi, amepindua mto, na wewe unamwita mvivu.

Eti maskini anachagua. Hajachagua chochote! Hakuwepo. Aliyechagua ni wewe, uliyechagua kipi cha kubaki nacho na kipi kinamfaa mwenzio. Na tusemezane ukweli, maana wote tunayajua makontena yetu: kochi zuri linafungwa nailoni linapanda meli kwenda Mombasa na Dar, lionekane na ndugu. Lililobaki ndilo sadaka.

Sisi tuliokulia uswahilini si tunakumbuka siku za kuhama? Kirikuu imesimama nje, vyombo vinapakiwa mchana kweupe, mtaa mzima umejaa vibarazani kutazama. Mama alihakikisha godoro linalazwa upande wa madoa ukiwa ndani, na ndoo iliyotoboka ilisafiri chini ya kanga. Alijua majirani wa kule tunakohamia watatusoma kabla hatujafungua mdomo. Sasa mtoto aliyekulia hivyo, leo yuko Uingereza, anaona ajabu dereva kukataa kumteremshia mtu kochi lililochanika mbele ya majirani zake wapya. Tumesahau upesi mno.

Haya, na upande wa pili niuseme, nisije nikaambiwa namtetea shemeji kwa sababu ya sahani za pilau. Mashirika yanachosha. Unaambiwa watafika kati ya saa moja asubuhi na saa saba mchana, unaomba ruhusa kazini, wanatokea saa saba kasorobo. Madereva wengine midomo yao haina breki. Na yapo mashirika yanayochagua kupita kiasi, mkwaruzo kidogo kwenye meza ya mbao wanatikisa kichwa. Wasemwe. Ila kochi la kwenye ile picha, wandugu, nimelikuza kwenye simu. Lina shimo.

Na hilo la uvivu. Luton ile haina mahali pa kuegesha kwenye mitaa yetu hii ya nyumba zilizobanana, wakiteremsha kabati huku wanamchungulia askari wa faini. Ngazi za fleti zimejengwa kwa ajili ya watu, kabati halikufikiriwa. Kuna anayewaambia wavue viatu mlangoni, wakati viatu vyenyewe vina chuma mbele, ndivyo vinavyookoa vidole wodorobu ikiteleza. Kama una kapeti la heshima, tandika shuka kuukuu wapite. Tena uwakaribishe maji. Shemeji anasema walipoteremsha vitanda kwa familia moja ambayo haikuwa na kikombe hata kimoja, mama wa nyumba ile alikwenda kwa jirani asiyemjua kuazima vikombe ili dereva na utingo wasiondoke bila chai. Kwenye milango ya asubuhi, yenye makabati yamejaa vikombe, wanaulizwa mbona wamechelewa.

Sasa, ndugu yangu wa kochi la kahawia, na wengine mnaohama mwisho wa mwezi. Kabla hujapiga simu pindua mto, tafuta lebo, ipige picha. Ipo? Watumie pamoja na picha ya kochi lenyewe, upande wenye doa usiufiche. Haipo? Piga simu kaunsili, lipa, lichukuliwe taka, yaishe. Droo zitoe nguo. Kitanda kifungue mwenyewe na skrubu zake utie kwenye soksi uifunge palepale kwenye mbao, usimwambie dereva "zilikuwa hapa jana". Na kama unakaa ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi, sema mapema.