Kopo la makombe bandani: ni anasa au ni lazima?

Ukitaja kuwatengea kuku wa nyumbani makombe ya pwani yaliyopondwa, yaani magamba ya chaza na jamii yake yenye kalsiamu, madini yanayojenga ganda la yai, hukosi kuambiwa kuwa kuku wa bibi zetu hawakupewa na walitaga. Ni kweli. Kuku wa asili anayezurura kutwa hujiokotea konokono, wadudu na changarawe, tena kwa mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, mwili wake hupata nafasi ya kupumzika. Naye aliyefungiwa akala chakula kamili cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa kawaida hana haja ya nyongeza.

Lakini kuku wengi wa mjini hawamo katika makundi hayo. Ni chotara, Kuroiler au Sasso, wanaoweza kupita mayai 150 kwa mwaka, wako ndani ya uzio, na wanakula chenga za mahindi, pumba na mabaki ya jikoni. Hebu tupige hesabu. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Gramu 100 za mahindi zina kama gramu 0.02. Kwa mahindi matupu, kuku angepaswa kula kilo 10 ili apate ganda moja, na hapo tumejifanya kwamba mwili unafyonza yote, jambo ambalo si kweli.

Na bado yai linatoka, tena kwa muda linatoka na ganda zuri! Kalsiamu hiyo imechotwa kwenye mifupa. Mwili mzima wa kuku una gramu 20 hivi, kwa hiyo kila yai ni sehemu ya kumi ya akiba yake. Mfugaji anaokota yai safi, anaridhika na chakula chake, kumbe kuku anaishia. Dalili huja baadaye: ganda linalobonyea kidoleni, yai la utando mtupu kwenye maranda, kuku aliyelala ubavu asiyeweza kusimama.

Wapo wanaoonya kwamba kalsiamu ikizidi inaharibu figo za mitetea ambayo haijaanza kutaga. Onyo hilo nalikubali kabisa, ila linamhusu anayechanganya chokaa ya mifugo kwenye chakula cha kuku wote. Kopo likining'inizwa pembeni, anayetaga hulifuata mwenyewe, hasa jioni, kwa sababu ganda hujengwa kwa saa 20 hivi na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni usiku. Ndiyo maana vipande vyenye ukubwa wa punje ya mtama ni bora kuliko unga: hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka taratibu hadi alfajiri.

Changarawe ni habari nyingine. Kazi yake ni kusaga, na makombe hayawezi kushika nafasi yake kwa kuwa yanayeyuka. Anayekula chakula cha unga pekee haihitaji. Anayepewa punje nzima au majani huku amefungiwa kwenye sakafu ya saruji, anaihitaji.

Kuhusu gharama, maganda ya mayai ya jikoni yakikaangwa bila mafuta hadi yakauke kabisa, kisha yakapondwa, yanafanya kazi ile ile. Chokaa ya kujengea isiingie bandani kama chakula. Inaunguza koo na utumbo.